Kiatu kiufuate mguu: maongezi na akina mama wanaokimbia milimani, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari za asubuhi, na nyie wadogo zangu mmeamkaje. Karibuni sana. Nimeombwa niongelee raba za kukimbilia milimani, za akina mama, na nimeambiwa nisirefushe, sasa hapo sijui mana hili jambo lipo moyoni kwangu kabisa. Kazi yangu ni kutibu watu kwa mazoezi ya viungo, naletewa watu wameteguka enka, magoti yamevimba, kucha zimekufa, na akija mama anayekimbia kitu cha kwanza naomba nikione ni raba aliyovaa siku aliyoumia, naigeuza, naikunja, naiangalia kwa nyuma, na mara nyingi raba inakuwa imeshaniambia habari yote kabla yeye hajamaliza kusimulia.

Nawaambia mapema ninachotaka kusema ili hata anayewahi kanisani au sokoni aondoke nacho. Raba nzuri ya mlimani inakushika kisigino, inakuachia vidole, na ikikanyaga chini inatulia. Basi. Watu wanauliza nichukue ya raha au nichukue ya kunisimamisha imara, kana kwamba ukipata moja unakosa nyingine, hapana jamani, mguu ukiwa na raha unakanyaga kwa kujiamini na mguu unaokanyaga kwa kujiamini hauteguki hovyo. Mguu unaobanwa unajikunja vidole ndani ya kiatu, unajikaza, alafu ndo unakutana na jiwe.

Sasa kwanini naongea na akina mama peke yetu. Kwa sababu kwa miaka mingi hivi vitu havikutengenezwa tukifikiriwa sisi. Mwaka 1966 kuna dada wa Marekani anaitwa Bobbi Gibb aliomba kushiriki mbio za Boston, wakamjibu kwamba mwanamke hana mwili wa kumaliza maratoni, akajificha vichakani karibu na pa kuanzia, wanaume walivyotoka na yeye akaingia, akamaliza kwa saa 3 na dakika 21 hivi, mbele ya wanaume wengi tu. Mguuni alikuwa na nini? Raba za wavulana. Mazoezini alikuwa anakimbia na viatu vya manesi kwa sababu raba za kukimbilia za wanawake hazikuwepo. Na maratoni ya wanawake kwenye Olimpiki imeingia 1984, Los Angeles, yani kuna watu humu walikuwa wameshazaliwa. Kwaiyo viwanda navyo vilichelewa, na kwa muda mrefu sana walichofanya ni kuchukua kalibu ya mguu wa mwanaume, lile umbo ambalo kiatu kinashonewa juu yake, wanalipunguza, wanapaka pinki na zambarau wanaandika ya kike. Siku hizi kampuni kadhaa zinatumia kalibu za kike kweli, lakini rangi peke yake haikwambii lolote, raba ya pinki inaweza kuwa ya kiume kabisa kwa umbo.

Tofauti iko wapi? Ukichukua wanawake wengi kwa pamoja, kisigino chetu ni chembamba ukilinganisha na upana wa mbele, huku kwenye vidole. Kwaiyo ukivaa raba iliyokatwa kwa mguu wa mwanaume, mbele inaweza ikakaa sawa lakini nyuma kisigino kinaogelea, kinapanda na kushuka kila hatua. Hapo ndo malengelenge ya kisigino yanapozaliwa, na mlimani hapo hapo ndo mguu unapopinda. Alafu ukiikaza kamba ili kisigino kitulie unajibana juu ya mguu mpaka ganzi. Huo ni wastani tu lakini, mguu wako haujasoma wastani. Yupo dada hapa mguu wake ni mpana kuanzia nyuma mpaka mbele, na huyo anaweza akafaidi raba ya kiume na asione aibu hata kidogo. Kwa vipimo vya Marekani upana wa kawaida wa kike unaandikwa B, wa kiume D, na raba ya kike pana nayo ni D, kwaiyo ukikosa pana ya kike nenda kwenye ya kiume ya kawaida, toa moja na nusu kwenye namba yako ya Marekani, ukivaa 8 na nusu ya kike tafuta 7 ya kiume.

Na hizi namba zenyewe msiziamini sana. 39 ya kampuni hii sio 39 ya kampuni ile, utavaa hii inakubana utavaa ile inakuvuka. Angalia kwenye ulimi wa raba kwa ndani, kuna kibandiko kina namba nyingi, kuna moja imeandikwa CM au JP, hiyo ni sentimita za urefu wa mguu. Chukua karatasi, simama juu yake kwa uzito wako wote, mtu mwingine akuchoree, usijichoree mwenyewe mana ukiinama mguu unabadilika, pima kuanzia kisigino mpaka kidole kirefu kuliko vyote, na sio lazima kiwe dole gumba, wengine cha pili ndo kirefu. Pima miguu yote miwili, uchague kwa ule mkubwa. Na upime jioni, mguu wa asubuhi ni mdogo, wa jioni umeshavimba kidogo, na ukikimbia unavimba zaidi.

Hapa naomba niseme na mliojifungua. Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani walitoa utafiti wao mwaka 2013, waliwapima wajawazito miguu mwanzoni mwa mimba na tena miezi mitano baada ya kujifungua, wakaona kwa wengi wao ule upinde wa unyayo umeshuka na mguu umerefuka, kati ya milimita 2 na 10, na haukurudi ulivyokuwa. Yani namba uliyovaa siku ya harusi yako inawezekana sio namba yako tena, na unaendelea kuinunua kwa mazoea, unasema mie navaa 38, toka lini? Pima upya. Ukiwa umetoka kujifungua na unarudi mazoezini usirudi na raba ya zamani kwa kuionea huruma, viungo bado vimelegea, mguu umebadilika, mpe mwenzio.

Na mume au kaka akitaka kukununulia raba kama zawadi, mshukuru kwa moyo wote, alafu mwambie naomba twende wote.

Haya, uko dukani. Vaa na soksi unazokimbilia, sio zile nyepesi za dukani. Simama. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono, na pembeni vidole viweze kujitandaza, jaribu kuvichezesha kama unapiga kinanda. Kwa lami nafasi ndogo inavumilika, kwa mlimani hapana, na sababu ni mteremko. Moshi mjini tuko kama mita 900 hivi juu ya bahari, geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro liko zaidi ya mita 1,800, kwaiyo ukipanda na miguu yako lazima utashuka na miguu yako, na kila hatua ya kushuka mguu unateleza kwenda mbele ndani ya kiatu. Ikiwa hakuna nafasi, kucha zinagonga pua ya raba mara elfu na elfu, damu inavilia chini, kucha inakuwa nyeusi, inatoka. Nimesikia wakimbiaji wanaonyeshana kucha nyeusi kama medali. Naomba tuache, kucha nyeusi ni dalili kwamba raba ni fupi au kisigino hakijashikwa, hakuna ushujaa pale.

Kwaiyo dukani usitembee kwenye kapeti tu ukasema ipo vizuri. Tafuta ngazi, tafuta ile njia ya mteremko ya kushushia mizigo, shuka nayo kwa nguvu, piga breki. Kidole kikigusa mbele, iache. Muuzaji atakwambia dada hiyo inaachia, ivae siku tatu nne itakupa nafasi. Mie nawaambia raba ya kukimbilia haiachii. Kiatu cha ngozi kinaachia, ndio, raba za siku hizi ni kitambaa cha plastiki na povu, ikikubana dukani itakubana ukipanda Materuni, na itakubana zaidi ukiwa umechoka.

Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, anaitwa Benno Nigg, amechunguza raba na majeraha ya wakimbiaji maisha yake yote. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha kazi waliyofanya na wanajeshi, waliwapa aina sita za soli za ndani kila mtu ajichagulie anayoona ina raha, na waliochagua waliumia kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Na soli walizochagua hazikufanana, huyu hii, yule ile. 2015 akaja kuandika kwamba mkimbiaji akichagua kiatu kwa raha anayoisikia mwenyewe, mwili unakuwa umeshamchujia kinachomfaa. Hilo mie naliona kazini kila wiki. Zamani walikuwa wanakuangalia unyayo, wewe unyayo wako ni bapa chukua hii ngumu, wewe upinde wako mkubwa chukua hii laini, mambo sio mepesi hivo. Ukivaa raba mbili tofauti, moja kushoto moja kulia, mwili wako utakwambia ndani ya dakika chache ipi ni yako. Usiuzimishe kwa sababu ya rangi, au kwa sababu shoga yako anayo.

Ila raha ya kubonyea sio raha ninayosema. Hapa wengi wanapotea. Unabonyeza soli kwa kidole, inabonyea, unasema lo hii laini kama godoro, unanunua. Sasa kimo cha ile soli. Kampuni ya Hoka ilianzishwa 2009 kule Annecy, Ufaransa, na mabwana wawili waliotoka kampuni ya Salomon, shida yao ilikuwa kushuka milima ya Alps kwa kasi bila miguu kuumia, ndo wakaleta zile soli nene. Nzuri, zimesaidia watu wengi, na mkiziangalia kwa chini mtaona kitako chake ni kipana, mguu kama umezama ndani ya soli badala ya kukaa juu yake. Hiyo ndo siri. Soli nene yenye kitako kipana inatulia, soli nene yenye kitako chembamba na povu laini ukikanyaga jiwe upande mmoja unazama, mguu unapinda kwa nje, na enka nyingi zinategukia huko huko upande wa nje. Kadiri ulivyoinuka kutoka ardhini ndo kadiri unavyopinda kwa nguvu. Na wengi wetu ni wepesi kuliko wanaume, lakini hiyo haikuokoi kwenye jiwe.

Kwaiyo fanya hivi. Minya ukuta wa nyuma unaoshika kisigino, ukilala kama karatasi hautakushikilia mlimani. Shika raba mbele na nyuma uikamue kama nguo, ikigeuka yote kirahisi iache, inatakiwa ikatae kidogo. Ikunje, inatakiwa ikunjikie pale vidole vinapoanzia, ikikunjikia katikati ya unyayo haifai hata ingekuwa bure. Alafu ivae, simama mguu mmoja, fumba macho. Kila mtu atayumba kidogo, lakini linganisha na raba nyingine hapo hapo, utaona kuna moja unatafuta ukuta na moja umetulia.

Kuna hii habari ya dropu pia, yani kisigino kimeinuka milimita ngapi kuliko vidole. Altra za Marekani nyingi ni sifuri, miguu imelala sawa, na mbele zina nafasi kubwa sana, wenye nundu kando ya dole gumba wanazipenda. Hoka nyingi ziko 4 au 5, Salomon Speedcross ni 10. Hakuna namba takatifu, ila ukitoka 10 ukarukia sifuri misuli ya nyuma ya mguu na ule mshipa wa kisigino vitalia, na hasa sisi tunaoshinda na viatu vya visigino ofisini. Shuka polepole, anza kwa kutembea nazo.

Tuje kwenye ardhi yetu. Soli ya mlimani ni kama tairi, uliza kashata, yani yale meno ya chini ya soli. Mtu anayezunguka msitu wa Rau, tambarare, vumbi na mizizi mizizi, kashata za milimita 3 zinamtosha, akivaa za 6 atahisi anatembea juu ya vijiwe. Anayekwenda Uru, Materuni, Marangu, ule udongo wetu mwekundu wa kwenye migomba na kahawa, kiangazi 4 au 5 inamtosha kabisa. Masika, Machi mpaka Mei, ule udongo mnaujua, unakuwa sabuni alafu unaganda, unabeba kilo ya tope kila mguu. Hapo unataka kashata ndefu, 6 hivi, na zilizoachana, kwa sababu zikisongamana tope linajaa katikati na unabaki na kipara. Ila jiwe la mtoni lililolowa halijali urefu wa kashata, pale kinachoshika ni ulaini wa mpira wenyewe, ndo mana watu wanapenda ile soli yenye kibandiko cha njano, Vibram, ya Waitaliano, iliyoanza 1937 na mpanda milima anaitwa Vitale Bramani baada ya wenzake kufa milimani, na viatu vibovu vilichangia. Sio kila Vibram inafanana lakini ni dalili nzuri.

Za kuzuia maji, zile za Gore-Tex, kwa huku chini sizipendi. Ukivuka mfereji maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, unabeba ndoo mguuni mpaka nyumbani, na joto letu hili. Chukua ya wavu, iingize maji na iyatoe. Kule juu kabisa Kibo na baridi yake ni habari nyingine.

Sasa mtumba. Najua wengi hapa raba tunanunua soko la Memorial, na mie sioni ubaya, zipo raba nzuri mno pale ambazo mpya hatuzimudu. Ila muwe waangalifu. Iweke juu ya meza au benchi, chuchumaa uiangalie kwa nyuma. Imeegemea ndani? Imeegemea nje? Iache, hata kama juu ni mpya inang'aa, mwenyewe wa kwanza ameshaikanyaga ikachukua umbo la mguu wake na itakulazimisha ukanyage kama yeye. Angalia povu kwa pembeni, ukiona mikunjo mingi kama uso wa bibi kizee povu limeshakufa. Wanasema raba inaishi kama kilomita 500 mpaka 800, na hujui aliyeivaa alikuwa ametumia ngapi. Ingiza mkono ndani pale kisigino, kitambaa kikiwa kimetoboka mpaka plastiki utachubuka wiki ya kwanza. Vuta soli kwa mbele uone gundi, raba iliyokaa stoo miaka inabanduka ukiwa katikati ya mlima. Na kashata zilizopigwa msasa au kuchongwa upya ziangalieni, zinang'aa lakini fupi. Toa ile soli ya ndani uitazame, alama za vidole zikiwa zimefika ukingoni kabisa aliyeivaa ilimbana, na wewe je? Soli ya ndani unaweza kununua nyingine, fundi anaweza kushona pembeni, lakini povu lililolala na ukuta wa kisigino uliovunjika hakuna fundi wa kuvirudisha, okoa hela yako.

Anayeanza kabisa na hela ni ya raba moja tu, swali naulizwa sana. Nakwambia chukua yenye kashata 4 mpaka 5, dropu ya kati, kitako kipana, isiyo nene sana, mbele na nafasi. Hiyo itakupeleka Rau na itakupeleka Materuni. Ya tope utanunua baadae Mungu akijalia.

Cha mwisho tukifanye kwa vitendo, inameni wote. Kwenye raba nyingi kuna tundu moja la ziada juu kabisa, nyuma kidogo, mnaliachaga wazi. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande huo huo, usivushe, ili ibaki kitanzi kidogo. Fanya na upande wa pili. Sasa kamba ya kushoto iingie kitanzi cha kulia, ya kulia iingie kitanzi cha kushoto, piga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma kabisa, ndo uvute kwa kushusha chini, alafu funga. Huku mbele kwenye vidole acha kamba ilegee. Mama pale umevuta kabla hujapiga kisigino, fungua urudie. Mnasikia kisigino kimeshikwa na vidole viko huru? Ambaye bado kisigino kinapanda anyooshe mkono nije, wengine twendeni pale kwenye mteremko tushuke taratibu, mara ya kwanza kutembea, ya pili mchakamchaka, na yeyote atakayegonga kidole aniambie kabla ya kuondoka ili tumpime upya.